Kamba ya siku saba

Kutoka mlangoni kwangu juu Igogo, hapa Mwanza, mpaka kituo cha daladala kule chini, barabara ya Kenyatta, ni dakika 11. Hapo mawe ni makavu na mikono ni mitupu. Mvua ikinyesha ni dakika 17, kwa sababu kuna sehemu mbili za kushuka taratibu ukiwa umeshika mwamba. Kupanda jioni na furushi la vitambaa kichwani ni dakika 20 na ushee. Nimeishi mlimani hapa tangu niolewe, lakini hesabu hii nimeipata nikiwa na miaka 37, nilipoamua kushuka na saa mkononi. Kabla ya hapo ungeniuliza kutoka kwangu hadi barabarani pana umbali gani, ningekwambia ni hapo chini tu, na ningekuwa nasema ninachokiamini.

Sasa mfikirie mtu anayetakiwa kufungua ofisi Kirumba saa mbili kamili asubuhi, na kichwani mwake kushuka mlima hakuli muda. Kutafuta funguo hakuli muda. Kurudi kuangalia kama jiko limezimwa, kusalimiana na jirani anayeanika mihogo, kusubiri daladala yenye nafasi, vyote haviko kwenye hesabu. Muda pekee anaoujua ni ule wa gari likiwa linatembea. Huyo mtu kila siku atachelewa kwa karibu nusu saa, na kila siku atashangaa.

Mimi ni fundi cherehani. Ofisi yangu ni chumba kimoja, mwendo wa miguu kutoka Mwaloni, soko la dagaa na samaki. Nina cherehani mbili, moja ya mguu na moja ya umeme, na binti mmoja anayejifunza kwangu. Wateja wangu wengi ni kina mama wa dagaa, walimu na wanakwaya. Nina pia ADHD, hali ya ubongo nitakayoieleza hapa chini. Kwa miaka mingi nilichelewa kila mahali: kazini, kanisani, kliniki ya watoto, vikao vya ukoo wa mume wangu, na lililoniumiza kuliko yote, nguo za watu. Mafundi tunajulikana kwa "njoo kesho", kwa hiyo wateja walinihesabu kuwa mwongo kama mwongo mwingine. Lakini nilipokuwa nasema kesho, nilikuwa naiona nguo hiyo imekwisha, imepigwa pasi, imetundikwa. Ninachotaka kieleweke leo ni hiki: wapo watu ambao muda hawausikii mwilini. Ukiwaambia wajitahidi, hujawapa kitu cha kushika. Ukiutoa muda kichwani mwao na kuuweka mahali ambapo macho na mikono vinaufikia, wanaweza.

Niieleze hali yenyewe. ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni: umakini hautii amri, mwili au mawazo hayatulii, na mtu hutenda kabla hajapima. Wengine wana upande wa kutotulia zaidi, wengine upande wa umakini, wengine vyote viwili. Mtaani nimesikia ikiitwa ugonjwa wa simu, ugonjwa wa watoto wa mjini. Daktari Mwingereza, George Still, aliwaeleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake London mwaka 1902, wakati hakuna simu mfukoni mwa mtu yeyote.

Kuhusu muda, aliyenifungua macho ni Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti ADHD kwa miongo mingi. Anaieleza kama shida ya kujiongoza kuelekea jambo ambalo bado halijafika. La kufanya mtu analijua vizuri, ila kulifanya kwa wakati wake ndiko kunakomshinda, na sehemu kubwa ya hilo ni upofu wa muda. Niliposoma hivyo nilisimamisha cherehani. Kwangu kuna nyakati mbili: sasa, na si sasa. Harusi ya Jumamosi ijayo inakaa upande wa si sasa, pamoja na mwaka kesho na uzee. Inabaki huko Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tulivu kabisa. Halafu Ijumaa jioni inahamia ghafla upande wa sasa, nami nashona mpaka alfajiri huku bibi harusi anapiga simu na sauti yake inatetemeka. Sauti hizo nazikumbuka moja moja. Mtu asidhani anayechelewa hajali. Wengi wetu tunajali mpaka usingizi unakosekana, na kujali huko bado hakusogezi mshale wa saa.

Nilijua kupitia mwanangu wa pili. Mwalimu wake wa darasa la tatu aliniita, akanieleza kwa upole kwamba mtoto ana akili lakini hamalizi kazi yoyote, na kwamba angependa aonwe na daktari. Tulikwenda kwa daktari wa afya ya akili katika hospitali moja hapa mjini. Alinieleza kuwa karibu mtoto 1 kati ya 20 duniani ana hali hii, na kwamba hurithiwa kwa kiasi kikubwa sana. Kisha akaanza kuniuliza maswali mimi. Kuna fomu ya watu wazima iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ina maswali 18, na yale 6 ya mwanzo ndiyo hutumika kuchuja. Nilijibu yale 6 nikiwa natazama sakafu.

Fomu peke yake haitoshi, na ni vizuri haitoshi, maana kila mtu husahau na kila mtu huchelewa. Daktari anatafuta kama dalili zilianza zamani. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013, ule unaoitwa DSM-5, unataka ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na kwamba zinamsumbua mtu mahali pawili au zaidi, nyumbani na kazini kwa mfano. Kwa hiyo mama yangu alipanda meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akaja. Alimsimulia daktari jinsi alivyokuwa akinituma ziwani kuchota maji asubuhi na kunikuta saa sita mchana nimekaa kwenye jiwe, ndoo tupu pembeni, namtazama mzee anayeshona nyavu. Alisimulia madaftari yaliyopotea, kiatu kimoja kilichobaki shuleni. Nilikuwa mtoto mkimya, na wasichana wakimya hupita bila kuonekana kwa sababu hawamsumbui mwalimu. Huandikiwa tu kwamba wana ndoto nyingi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, mimi huyu nilimchapa kwa mambo haya." Nikamshika mkono. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Jioni ile tulipika sato wawili, tukala, na hakutaka nimpe pole wala mimi sikutaka anipe.

Basi, nimeshajua jina la kitu. Nguo bado zilikuwa zinachelewa.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni daftari la vipimo. Kila fundi analo: kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Mimi niliongeza safu ya muda, nikawa naandika nilianza saa ngapi na nilimaliza saa ngapi kila hatua. Ungeniuliza wakati ule gauni la kitenge lenye bitana linachukua muda gani, ningejibu saa 3 bila kusita. Daftari lilionyesha karibu saa 7. Kuchora na kukata peke yake ilikuwa saa moja na nusu, kwa sababu maua ya kitenge lazima yakutane mbele na huwezi kuyalazimisha. Zipu ya mgongoni ilikula dakika 35. Pasi dakika 40, na umeme ukikatika ongeza muda wa kuwasha mkaa. Na kuna saa nzima isiyokuwa ya kushona kabisa: kutafuta uzi wa rangi ile, kumpokea mteja mwingine, kufumua nilichokosea kuunga.

Baadaye nilisoma kwamba hili si la wenye ADHD peke yao. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika mwaka 1979: binadamu anapokadiria kazi yake huitazama kazi hiyo moja jinsi itakavyokwenda ikienda vizuri, na hupuuza kumbukumbu ya kazi zote zilizofanana nayo. Dawa yake ni kuacha kujiuliza "hii itachukua muda gani?" na kuuliza "zile za nyuma zilichukua muda gani?" Kwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri ya muda labda inatosha kukaa na kufikiri. Sisi wengine tunahitaji daftari, kwa sababu kumbukumbu yetu itatuletea ile siku moja ambayo gauni liliisha haraka.

Kitu cha pili alinipa mteja. Ni mama anayenunua dagaa kwa wavuvi, anaanika na kupeleka mikoani. Alileta vitenge vya sare ya kikundi chao, nami nikamwambia Alhamisi. Akatikisa kichwa. "Fundi, Alhamisi mimi siijui. Niambie kabla ya mwezi mkubwa au baada yake. Mwezi nitauona mwenyewe."

Kwa asiyejua kazi ya ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Taa inawavuta dagaa wakusanyike, kisha wavu unawazoa. Usiku wa mbalamwezi ziwa lote lina mwanga, taa inapoteza nguvu yake, na mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo kina mama wa dagaa wanaishi kwa mzunguko wa mwezi. Giza likiwepo wako kwenye vichanja vya kuanikia tangu alfajiri. Mwezi ukikua, ndipo wanapata nafasi ya kufumua nywele, kwenda kwenye sherehe, kuleta vitambaa. Yule mama hajawahi kuchelewa ofisini kwangu. Hana kalenda ukutani. Wakati wake uko angani, unaongezeka na kupungua mbele ya macho yake, na kila mtu anayefanya naye kazi anauona uleule.

Niliondoka kazini siku ile nikiwa na hamu ya ajabu. Kama tatizo langu ni kwamba Alhamisi haionekani, basi niifanye ionekane.

Nikafunga kamba ukutani, kutoka kwenye dirisha mpaka kwenye mlango, nikabana vibanio saba vya nguo. Kibanio cha dirishani ni leo. Cha mlangoni ni siku ya mbali kuliko zote ninayoweza kuahidi kwa kazi ya kawaida. Kila kazi ninayopokea nakata kipande kidogo cha kitambaa chake, naandika jina kwa kalamu kwenye karatasi, navibana pamoja kwenye siku yake. Jioni kabla ya kufunga, mimi na binti yangu wa kazi tunasogeza vipande vyote kibanio kimoja kuelekea dirishani. Kinachosogea ninakiona kikisogea. Kitenge cha njano cha mwalimu fulani kilichokuwa mlangoni Ijumaa, Jumatatu kimefika katikati, na tumbo langu linaanza kukisikia. Zamani tumbo lilikuwa halisikii chochote mpaka usiku wa mwisho.

Kibanio kimoja hakibebi zaidi ya vipande vitatu. Hiyo ni sheria, na imeniokoa kuliko zote, kwa sababu udhaifu mwingine wa hali hii ni kusema ndiyo papo hapo. Mteja akija siku hizi hatubishani kwa mdomo. Tunasimama wote wawili mbele ya kamba. Anaona mwenyewe kwamba Alhamisi imejaa, anagusa kile kibanio cha Jumamosi, ananiuliza, "Hapa je?" Wengine wanakubali, wachache wanachukua kitambaa chao wanakwenda kwa fundi mwingine, na sijawahi kumlaumu aliyekwenda. Tena siahidi nguo nzima kwa siku moja. Naahidi siku ya kuja kujaribu na siku ya kuchukua, na kila moja ina kipande chake kwenye kamba. Siku ya kujaribu inamleta mtu halisi mlangoni, na mtu halisi akiwa njiani kazi yake inaingia kwenye sasa mapema.

Nyumbani ilibidi nitengeneze kitu kingine, maana kamba haiwezi kunitoa kitandani. Nilinunua saa ya ukutani yenye mishale. Saa ya simu inaonyesha namba tu, 06:52, na namba haionyeshi kilichobaki. Isitoshe, simu inasema 14:00 wakati kichwa changu kinaijua hiyo kuwa saa nane, na katika kugeuza hesabu hiyo nimewahi kupotea. Mshale unaonyesha nafasi. Nilikata kipande cha kitambaa chekundu kama kipande cha chapati, nikakibandika kwenye uso wa saa kuanzia kwenye tisa mpaka kwenye moja. Kwa asubuhi maana yake ni kuanzia saa moja kasoro robo hadi saa moja na dakika tano. Mshale mrefu ukiingia kwenye chekundu, hakuna kazi mpya inayoanzishwa kwangu. Sifui leso, sifagii, sipigi simu. Ni viatu, mkoba, funguo, kuaga. Mshale ukitoka kwenye chekundu nami niwe nimetoka mlangoni.

Ona kwamba nimeacha kabisa kupanga saa ya kufika. Saa mbili Kirumba siioni. Saa moja na dakika tano mlangoni kwangu naiona, na inatokana na hesabu ya kweli: dakika 11 za kushuka, kusubiri, kupita mjini katikati, kutembea mpaka ofisini. Siku za mvua binti yangu mkubwa anasogeza kitambaa chekundu nyuma kidogo. Anaipenda hiyo kazi, na huwa anatangaza kwa sauti.

Lakini hata kitambaa hakitoshi kama mwili haujui uanze na nini. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia ya jumla, kama "nitawahi", ina nguvu ndogo kuliko mpango unaofunga tendo moja na ishara moja: likitokea hili, nafanya lile. Yangu ni hii: nikishamimina chai kwenye chupa, navaa viatu. Si nikimaliza chai. Nikishaimimina. Viatu viko chini ya meza ileile ya chupa, funguo ziko kwenye msumari juu yake. Barkley naye anasisitiza kwamba msaada uwekwe palepale tendo linapotakiwa kufanyika, na nimeona ukweli wake, maana orodha nzuri iliyoko kwenye mkoba haijawahi kunisaidia.

Ofisini shida ni kinyume: nikishaanza, siachi. Nikikaa kushona nakshi za shingo naweza kunyanyuka jua limezama, mteja amesubiri nje, mtoto hajachukuliwa. Kengele ya simu naizima bila kujua nimeizima. Kinachonikamata ni adhana ya msikiti wa jirani. Mimi ni Mkristo, lakini adhuhuri, alasiri na magharibi zinanipitia hapo juu ya paa kila siku, na kwa kuwa Mwanza tuko karibu na ikweta nyakati hizo hubadilika kidogo tu mwaka mzima. Tumekubaliana na binti: adhana ikianza, sindano inainuliwa, mguu unatoka kwenye pedali, nasimama wima. Nikishasimama ndipo naamua kama narudi kukaa. Kusimama kwanza, uamuzi baadaye. Nikijaribu kuamua nikiwa nimekaa, nakaa.

Watu huniuliza, kama una upofu wa muda, mbona meli ya Nansio hujawahi kuikosa? Ni swali la haki, na wengi wenye hali hii wameulizwa kitu kama hicho kwa hasira: basi au mtihani huukosi, sisi ndio hututhamini. Ukweli ni kwamba siku ya meli huwa sina siku. Tangu asubuhi siwezi kushika mkasi. Nakaa bandarini muda mrefu na mabegi, kwa sababu sijui saa tatu zilizobaki ni nyingi au ni chache, kwa hiyo nazitumia zote kulinda ile moja. Kuwahi kwa namna hiyo ni dalili ileile ya kuchelewa, na inagharimu. Nikiwa na miadi ya saa kumi jioni, mchana wote ulikuwa unakufa. Siku hizi kwa siku kama hizo najipangia kazi za mikono zisizo na kina: kushona vifungo, kukata nyuzi zilizobaki, kupanga bobini. Kitambaa chekundu kama kile cha nyumbani nimekibandika pia kwenye saa ya ofisini.

Nizungumze na mnaoishi na watu wa namna yangu. Mume wangu, kwa nia njema, alikuwa ananitajia saa za uongo. Kikao saa tisa, ananiambia saa nane. Ndugu wengi hufanya hivyo. Naomba muache. Mtu ambaye tayari hana uhakika na saa iliyoko ndani yake, ukimvuruga na iliyoko nje atabaki na nini? Nilipogundua, nikawa naongeza saa nzima kwenye kila muda alionitajia, hata ule wa kweli. Kusogeza saa ya ukutani mbele kwa dakika 15 ni vivyo hivyo. Ndani ya wiki ubongo umeshajua na umeshapunguza. Kilichosaidia ni mume wangu kukaa nami sebuleni ule muda wa chekundu, naye anavaa viatu vyake. Hasemi kitu. Uwepo wake unanishikilia kwenye jambo moja.

Na hili la "saa za Kiafrika" linanikera kwa dhati. Mtu mwenye shida ya kweli akijieleza, anachekewa na kuambiwa sote ndivyo tulivyo, na kwa maneno hayo mlango wa msaada unafungwa. Tena si kweli. Njoo Mwaloni alfajiri uone. Mitumbwi inarudi na dagaa, wanunuzi wameshapanga foleni, vichanja vimeshafagiliwa, kwa sababu mzigo ukichelewa kuanikwa na mvua ikashuka umeharibika. Kivuko cha Kamanga hakimsubiri mtu ambaye bado anatafuta chenji. Watu wa ziwa hili wana nidhamu ya wakati kali kuliko ofisi nyingi zenye kiyoyozi. Anayeshindwa katikati yao hashindwi kwa sababu ya ngozi yake au kabila lake, na anastahili kuulizwa kwa upole nini kinatokea.

Kuhusu dawa nitasema kifupi, maana mimi si daktari. Zipo, na zimechunguzwa kwa muda mrefu. Ile inayojulikana zaidi, methilfenideti, ilitengenezwa mwaka 1944 na baadaye ikauzwa kwa jina la Ritalin. Ni dawa inayodhibitiwa, inayoandikwa na daktari na kufuatiliwa, na inawasaidia watu wengi sana. Mimi kwa sasa situmii, kwa sababu tulizozijadili na daktari wangu zinazohusu presha yangu. Usiache dawa yako kwa sababu umesoma kuhusu kamba yangu, na usimeze ya jirani kwa sababu ADHD yenu inafanana.

Bado kuna lililonishinda. Gauni la bibi harusi halikai kwenye kamba ya siku saba. Ni kazi ya wiki nyingi, na hatua zake hazirudii zile za gauni lililotangulia. Nimeanza kuzipokea kwa mwezi, kama yule mama. Bibi harusi analeta kitambaa mwezi ukiwa mdogo, anajaribu mara ya kwanza ukiwa mkubwa, anajaribu tena mwezi unaofuata ukiwa mdogo, na anachukua ukikua tena. Wawili wamekubali utaratibu huo na nguo zao ziliondoka kwa wakati. Wa tatu aliona ni mambo ya ajabu, akaenda kwingine. Naendelea kuurekebisha.

Kama umesoma mpaka hapa kwa sababu unajiona wewe au unamwona mwanao, nenda ukaulizie kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Nenda na ripoti za shule ya msingi kama zipo, na mtu aliyekujua kabla hujafika miaka 12, mama, shangazi, kaka mkubwa. Andika mambo yaliyokutokea wiki mbili tatu zilizopita, kwa mifano, si kwa maelezo ya jumla: kilichopotea, kilichochelewa, nani alilia. Andika kwenye karatasi na uiweke ndani ya kiatu utakachovaa siku hiyo.